Ngoma inanilisha, lakini nyumbani nimeambiwa nichague

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa simu ya jirani, na leo nimejikaza niandike mwenyewe. Naomba jina langu lisitoke.

Mimi nina miaka 29, naishi Malindi na watoto wangu wawili, msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 4. Baba yao alikuwa dereva wa tuktuk. Miaka mitatu iliyopita alisema anakwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Akatuma pesa mara mbili, kisha simu yake ikawa haishikwi. Nikaja kusikia kwa watu kwamba ana mke mwingine huko. Sikwenda kumtafuta. Niliona haya, na hata nauli sikuwa nayo.

Tangu hapo nimefanya kila kazi. Asubuhi nakaanga mahamri, mtoto mkubwa anauza kabla ya kwenda shule. Halafu nafua nguo nyumba za watu, Sh300 kwa siku nikiitwa, na kuna wiki naitwa mara moja tu. Makuti pia nimesuka, lakini siku hizi wengi wanaezeka mabati. Chumba chetu hapa Muyeye ni Sh2,500 kwa mwezi. Mwaka juzi nilichelewesha kodi miezi miwili, mwenye nyumba akaja na fundi aking'oa mlango. Siku nne tulilala mlango wetu ukiwa ni leso.

Ndipo jirani akaniambia kuna kikundi cha ngoma kinachochezea mahotelini, kinatafuta mwanamke wa kujaza nafasi. Mama, mimi ngoma nimekulia ndani yake. Hawe yangu, yaani bibi yangu, kule Marafa alinifunza mwanzele, ngoma ya Wagiriama, kabla sijaanza shule. Alikuwa akinishika mabega kwa mikono yake miwili ananiambia, hapa ndipo ngoma inapokaa, miguu inafuata. Usiku wa kwanza nilipofunga hando, ile sketi ya kiasili ya Kigiriama, na ngoma ikalia, nilitokwa na machozi, wenzangu wakadhani ni jasho. Kwa muda wa wimbo mmoja sikuikumbuka kodi.

Sasa ni mwaka wa pili. Msimu wa watalii tunacheza mara mbili au tatu kwa wiki, na kuna harusi na hafla za hapa na pale. Kiongozi wetu ndiye anayelipwa na hoteli. Hatujui analipwa ngapi. Mimi napewa Sh500, na kidogo katika bakshishi ya kwenye kapu. Si nyingi, lakini tangu nianze mlango wangu haujang'olewa tena.

Shida ilianza nyumbani. Kaka yangu mkubwa ni mzee wa kanisa. Alipojua, alikuja akaniambia mbele ya watoto kwamba ninawatikisia wazungu mwili kwa pesa, na nisipoacha nisikanyage boma la baba. Mama yetu ndiye anayelala na watoto nikienda kucheza. Bado anakuja, lakini tangu siku hiyo anakuja bila kuzungumza nami.

Halafu mwezi uliopita, baada ya onyesho, mtu mmoja aliniita pembeni. Ni Mkenya. Alisema anatafuta wacheza ngoma za Kiafrika wa kwenda kwenye klabu moja Ghuba, mkataba wa miaka miwili, Sh60,000 kwa mwezi. Pasipoti na tiketi watalipa wao, kisha watakata polepole. Aliniambia nisiwaambie wenzangu kwa sababu nafasi ni chache, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Karatasi yoyote bado hajanionyesha.

Kiongozi naye ameniambia nimlete binti yangu tucheze naye, kwa sababu wageni wakimwona mtoto hutoa zaidi. Anajua kucheza kweli. Mwaka jana niliwafunza ngoma yeye na wenzake shuleni, wakafika mashindano ya muziki ya kaunti, mwalimu akanipa nauli na soda. Lakini hayo si neno, nimeandika tu upate kujua hali yetu.

Mimi sina cheti, sina mtaji, nina mwili huu tu. Naona mlango wa kutokea ndio huu wa Ghuba. Lakini nikiwatazama watoto wamelala, moyo unakataa. Niende, au nibaki nimsikize kaka niache ngoma?

Mama Wawili, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye leso iliyokuwa mlango. Aliyelala siku nne hivyo na watoto wadogo, halafu akaamka kukanda unga wa mahamri, sina la kumfundisha kuhusu bidii. Kwa hivyo sitakuambia ujitahidi. Nataka tuyatazame mambo yako pamoja, na mengine uliyoyapita mbio turudi nyuma tuyatazame vizuri.

Nikikuelewa sawasawa, umepata kazi moja inayokulisha na inayokupa furaha, na watu wanne wanaivuta kila mmoja upande wake. Kaka anataka uiache. Mama anakusaidia lakini amenuna. Kiongozi anataka uendelee, tena umwongeze mtoto. Na mgeni wa pembeni anataka uende nayo mbali. Katikati yao uko wewe, na swali lako limebaki na majibu mawili tu: niende, au niache. Nani aliyekuambia ni mawili?

Kabla ya hapo, kuna maneno yako nataka kuyagusa. Umesema una mwili tu. Miili tunayo sote, mwanangu, na mwanzele hatuijui sote. Ulichonacho ni elimu uliyopewa na hawe yako kwa mikono yake juu ya mabega yako, na elimu hiyo haijaandikwa kwenye kitabu ambacho mtu angeweza kukinunua dukani. Nasikia kama umeanza kujitazama kwa macho ya kaka yako, maana yeye ndiye aliyesema "mwili".

Kuhusu yeye, nitasema jambo kisha nimtetee kidogo. Katika bustani ya mji wenu imesimama sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mwanamke huyo, mjane, alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakamfuata kwa mamia mpaka pale alipotaka kuwafikisha, wapate kula kiapo cha kuwakataa Waingereza. Ngoma ndiyo iliyomkusanyia watu. Kwa hivyo kaka yako akisema kwamba mwanamke wa Kigiriama kucheza hadharani ni aibu, muulize kwa upole: na matangani kwetu hatuchezi? Na harusini?

Lakini huenda si ngoma inayomtisha kaka yako. Huenda ni hoteli. Ni usiku, ni pombe za watu wengine, ni mambo ambayo kila mtu wa Malindi ameyasikia kuhusu wasichana na wageni. Hofu hiyo ina msingi, hata kama alivyoitamka, na mbele ya watoto, ilikuwa vibaya sana. Mtu mwenye hofu anaweza kuzungumzishwa. Unarudi saa ngapi? Unarudishwa na nani, gari la kikundi au bodaboda ya kuokota barabarani? Kuna sheria yoyote kikundini kuhusu kukaa na wageni baada ya onyesho? Ukiwa na majibu mazuri, mpelekee kaka kupitia mjomba au mtu mzima mwingine anayemheshimu, maana nyinyi wawili mkikutana sasa mtaishia kwenye boma la baba. Na kama majibu si mazuri, basi ni ya kurekebishwa kwa ajili yako wewe mwenyewe, kaka awepo asiwepo. Inawezekana pia asibadilike. Jiandae kwa hilo. Wa kuanza naye pengine ni mama. Kimya chake nakisoma tofauti na unavyokisoma wewe: anajua mwanawe wa kiume haitaki kazi yako, na bado anakuja.

Sasa mtu wa Ghuba.

Simjui na sitaki kumhukumu. Wako Wakenya waliokwenda huko wakafanya kazi, wakajenga, wakarudi salama. Lakini wako pia wasichana wa nchi hii waliochukuliwa kwa jina la ngoma, wakafika wakakuta kazi yenyewe ni kukaa na wateja wa klabu mpaka alfajiri. Pasipoti iko kwa tajiri, na mshahara unakatwa tiketi, chumba, chakula na faini za kila kosa dogo. Kwenye barua yako yapo mambo yaliyonifanya niweke kikombe chini. Amekwambia usiwaambie wenzako. Amekuwekea siku ya mwisho, na karatasi hujaiona. Na amesema watakata polepole, bila kusema watakata ngapi, wala kwa miezi mingapi. Kazi njema haihitaji siri, maana wenzako ndio ambao wangekuuliza maswali usiyoyafikiria.

Haya yanaweza kuchunguzwa bila kumgombeza mtu. Anayepeleka watu kazini nje ya nchi lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwombe jina la kampuni yake kama lilivyo kwenye cheti, uende ukahakikishe. Mwombe mkataba wenyewe, si maelezo ya mdomo, na uupeleke kwa mtu anayejua sheria au kwenye ofisi ya kazi kabla ya kuweka sahihi. Tazama viza ni ya kazi au ya matembezi, na kazi iliyoandikwa ni ipi hasa. Ulizia ukitaka kurudi mwezi wa tatu itakuwaje, na pasipoti itakaa mikononi mwa nani. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, lakini sheria hiyo inakufaa zaidi ukiwa bado upande huu wa bahari.

Tuseme kila kitu ni halali. Bado kuna hesabu nyingine, na hii sikuhesabii mimi. Utakaporudi, mdogo atakuwa na miaka 6 na mkubwa 11. Miaka hiyo miwili watakaa na mama, na sauti ya mwanamume watakayoisikia kila siku ni ya mjomba wao anayesema kazi ya mama yao ni aibu. Wako wanawake waliopima hilo wakaamua kwenda, na sithubutu kuwaita mama wabaya. Njaa pia inaharibu utoto. Ninachotaka ni uipime ukiwa umeshiba na umelala, si usiku wa siku ya mwisho aliyoiweka mtu mwingine.

Na hapa nafika mahali ulipoandika "hayo si neno". Mwanangu, hilo la binti yako ndilo neno zito kuliko yote katika barua hii.

Mtoto wa miaka 9 akicheza sherehe ya shule au harusi ya shangazi yake, ngoma inampa fahari. Mtoto huyo huyo akiletwa hotelini usiku kwa sababu wageni wakimwona hutoa zaidi, kinachouzwa si ngoma tena. Kiongozi wako amelisema wazi, pengine bila kulifikiria. Wewe unaujua mji wako. Unajua kwamba si kila mgeni anayetoa noti kwa mtoto anaisahau sura yake kesho yake, wala si wageni peke yao, hata wenyeji wamo. Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga mtoto na kazi ya kumdhuru au kumvurugia masomo, na ukionekana umempeleka wewe, inaweza kutumiwa dhidi yako siku baba yao akijitokeza kuwataka. Sikutishi. Najua uliandika mistari ile kwa sababu uliona fahari kwamba anajua kucheza, na fahari hiyo ni halali yako. Lakini naomba kabla hujamjibu kiongozi, ukae na hilo peke yake. Na ikitokea mtu yeyote amemsogelea mtoto vibaya, nambari 116 ni ya bure, inapokea simu za watoto na za wazazi.

Baada ya hilo nitabasamu, maana sentensi iliyofuata ilinifurahisha. Uliwafunza watoto wa shule ngoma wakafika ngazi ya kaunti! Na ukalipwa soda.

Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, na ngoma za kiasili zina nafasi yake humo. Shule nyingi, za serikali na za watu binafsi, hutafuta mtu wa kuwanoa watoto, na wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Tena tazama kalenda. Hoteli za Malindi hupwaya kuanzia Aprili mpaka Juni masika yakinyesha, na hapo ndipo mifuko yenu wacheza ngoma hukauka. Mazoezi ya tamasha hupamba moto muhula wa pili, kuanzia miezi hiyo hiyo. Ni kazi ya mchana, unalala kwako, goti likianza kuuma bado unaweza kuifanya ukiwa umekaa kwenye kiti na fimbo mkononi, na kaka yako atapata shida sana kuiita aibu. Binti yako naye anacheza akiwa na wenzake na walimu wake. Sikwambii itakutajirisha. Shule huchelewesha malipo, walimu wengine huahidi kwa mdomo, na mwaka wa kwanza utahitaji kujulikana. Ungeanza na yule mwalimu wa soda: mwombe barua fupi ya kusema ulichokifanya, utembee nayo shule mbili tatu, ukubaliane bei ya kila zoezi kabla hujavua viatu.

Kuhusu kikundi, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe unacheza kwenu, anayetunzwa ni kiongozi. Huenda hana ubaya. Ngoma ni zake, gari analipa, hotelini anajulikana yeye. Lakini kikundi ambacho wanachama hawajui hoteli imelipa ngapi ni kikundi cha mtu mmoja. Mnaweza kumwomba pamoja, wanawake wote kwa sauti moja, awe na daftari la mapato na matumizi linalosomwa kila mwezi. Akikubali, utakuwa umejipandisha mshahara bila kuvuka bahari. Akikataa, wapo waliotoka wakasajili kikundi chao katika ofisi ya maendeleo ya jamii, wakafungua akaunti yenye sahihi za watu watatu, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba hata mikopo ya serikali ya wanawake. Hatari yake ni kwamba ngoma, kayamba na mahando ni pesa, na mwenye kikundi cha kwanza anaweza kukufungieni milango ya hoteli anazozijua. Ukitaka njia hiyo, usitoke kwa hasira katikati ya msimu.

Na baba watoto. Umeandika uliona haya kumtafuta. Ibara ya 53 ya Katiba inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Ofisi ya watoto inaweza kumwita, na ikishindikana ipo mahakama. Pesa zile hutaziomba wewe, ni za watoto. Najua pia kumwamsha mtu aliyelala kunaweza kuleta vurugu, na huenda ukaona amani ya sasa ina thamani kuliko Sh3,000 za mwezi. Mahakama hutazama maslahi ya mtoto: anakula wapi, analala wapi, anasoma vipi. Weka risiti za ada na za kodi, uende kwake au usiende.

Wewe ndiye unayejua unalala na nini moyoni, mimi nimesoma kurasa tatu tu. Ila umesema yule mtu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mwombe mkataba na wiki mbili za kuusoma. Usigombane naye, mwombe tu kwa heshima, kisha utazame uso wake anapokujibu, halafu uniandikie ulichokiona.